Akili mnemba, umeme na maji: kampuni ianzie wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kampuni yetu hupokea barua pepe nyingi za wateja, na uongozi unataka akili mnemba itumike kuzisoma na kuzijibu. Baadhi ya wenzangu wanapinga, wakidai kuwa teknolojia hii inamaliza umeme na maji. Je, madai hayo ni ya kweli?

JIBU: Yana msingi, ingawa lawama huelekezwa mara nyingi kwa swali moja la mtu mmoja, na hapo si penye tatizo. Agosti 2025, Google ilieleza kuwa swali la kawaida la maandishi kwa Gemini, akili mnemba yake, hutumia takriban wati-saa 0.24 za umeme na mililita 0.26 za maji, yaani matone matano hivi. Hizo ni hesabu za kampuni yenyewe, tena hazijumuishi kazi ya kuufunza mfumo wala maji yanayotumika kuzalisha umeme wake, hivyo zipokewe kwa tahadhari.

Mzigo uko kwenye wingi wa maswali hayo. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kuwa mwaka 2024 vituo vya data, yaani majengo yenye kompyuta (seva) zinazoendesha huduma za mtandaoni, ikiwemo akili mnemba, vilitumia terawati-saa 415, takriban asilimia 1.5 ya umeme wote duniani (si wote wa akili mnemba), na kwamba kiasi hicho huenda kikazidi mara mbili ifikapo 2030. Wastani huo wa dunia huficha mengi: nchini Ireland, mwaka 2023, vituo hivyo vilitumia asilimia 21 ya umeme uliopimwa kwa mita. Kuhusu maji, vituo vingi hupoza seva kwa kuyavukiza, na vinavyokwepa njia hiyo mara nyingi hulazimika kutumia umeme zaidi.

Sasa chukua barua pepe moja ya mteja anayeuliza mzigo wake umefika wapi. Mfumo uliopangwa kizembe huituma, pamoja na mawasiliano yote yaliyotangulia, kwenye modeli kubwa (programu ya akili mnemba yenye uwezo mkubwa na inayokula umeme zaidi) ili iainishwe, kisha huituma tena ili ijibiwe, na mara ya tatu ili jibu likaguliwe, ilhali programu ya kawaida ingelisoma jibu hilo moja kwa moja kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya kumbukumbu za kampuni. Maswali ya aina hiyo yaondolewe kabisa kwenye akili mnemba, uainishaji ufanywe na modeli ndogo, na modeli kubwa ibakie kwa malalamiko magumu. Gharama nazo zitashuka, kwa kuwa watoa huduma wengi hutoza kulingana na wingi wa maandishi.

Mtoa huduma akikuambia kuwa anatumia nishati jadidifu kwa asilimia 100, muulize kama anazungumzia vyeti vya ununuzi wa nishati hiyo, ambavyo jumla yake hulinganishwa na umeme alioutumia kwa mwaka mzima, si saa kwa saa, kwa sababu mwenye vyeti hivyo anaweza kabisa kuendesha seva zake usiku kwa umeme wa makaa ya mawe. Muulize pia kituo kiko wapi na maji yake yanatoka wapi, na majibu yaandikwe ndani ya mkataba. Kwa upande wenu, ripoti ya kila mwezi ioneshe modeli imetumiwa mara ngapi kwa kila barua pepe iliyojibiwa.