Jasho la mgonjwa si kelele: kwa mnaoanza wodi

Juzi usiku kijana mmoja wa mazoezi kaandika kwenye chati: "mgonjwa ana wasiwasi". Mgonjwa anahema haraka tena kwa kina, oksijeni 98, glukomita, kile kipima sukari ya damu, inasoma HI, yaani sukari imepanda kupita kipimo. Wasiwasi! Damu imejaa asidi, mapafu yanahangaika kutoa kaboni dioksidi ili pH, kipimo cha asidi, isizidi kuporomoka chini ya 7.35, na wewe unamwambia atulie. Naandika kabla sijagombana na mtoto wa watu.

1. Homeostasisi, mwili kujiweka sawa ndani, mnaijua, mnaikariri kunishinda: insulini inashusha sukari, glukagoni inaipandisha. Ila kitandani hakuna anayekuuliza maana yake. Ukiona mwili unahangaika, uliza unapambana na nini.

2. Hili langu nimelificha miaka. Nikiwa mgeni wodini, saa tisa usiku, wakamleta dereva wa boda. Kalowa jasho, mikono inatetemeka, anatukana kwa Kiganda na Kiswahili, na waragi, ile pombe kali, unanuka tangu mlangoni. Nikaandika "amelewa", nikamlaza ubavu, nikaenda kunywa chai. Chai, jamani! Niliporudi matusi yamekwisha, nami nikafurahi kwamba amelala. Sista mmoja mzee akapita na tochi, akamgusa shingo, akaniuliza polepole: "Mwanangu, sukari umepima?"

Ilikuwa 1.6 mmol/L tu.

Alikuwa hajala tangu asubuhi, na pombe hulizuia ini kutengeneza sukari mpya. Lile jasho na ule mtetemo ni adrenalini ikipiga king'ora, mimi nikakifungia mlango. Harufu niliyoifanya jibu ndiyo iliyopaswa kunikimbiza kwenye glukomita. Tukampa dekstrosi, maji ya sukari, ya 50% mshipani, taratibu. Dakika kumi hazikuisha akafumbua macho, akauliza pikipiki yake iko wapi. Sista hakunigombeza. Alinikabidhi glukomita, akaniambia nizunguke nayo vitanda vyote hadi kuche.

3. Mtoto wa malaria kali aliyepoteza fahamu: pima sukari, hata kama mama anaapa kwamba amekunywa uji. Chini ya 2.2 mmol/L hakuna mjadala, sukari imeshuka.

4. Mwenye homa hutetemeka kwa sababu ubongo umepandisha kiwango cha joto unachokitaka, kwa hiyo anasikia baridi huku anawaka. Shuka jepesi linatosha. Hilo mwelezeni bibi yake mtoto kwa heshima. Wa kitanda cha nne nimemweleza mara tatu, akaitikia "ndiyo musawo", yaani daktari, mara tatu, na kila nikigeuka blanketi linarudi.