Kabla hujamdondoshea panya virusi puani

Chanjo yangu ya kwanza ya influenza ilifanya kazi vizuri mno. Panya kumi waliochanjwa, hata mmoja hakupungua uzito. Kumi wa kulinganisha, ambao hawakuchanjwa, walikonda wote, manyoya yakawasimama, wakajikunyata kwenye kona ya kizimba kama kuku walionyeshewa. Usiku ule ule nikapiga simu nyumbani Morogoro kuwatangazia. Asubuhi msimamizi wangu aliitazama grafu kimya, na wala hakugusia chanjo. Aliuliza, "Siku ya kuwaambukiza ulianza na kizimba kipi?"

Nilianza na wale wa kulinganisha. Waliochanjwa niliwaacha mwisho, jioni, nikiwa nimechoka.

Kwa asiyewahi kuifanya kazi hii, iko hivi. Virusi vya influenza tunamdondoshea panya puani kwa pipeti. Panya akiwa macho na tone likiwa dogo, virusi vinabaki huko huko puani. Ukitaka vifike mapafuni inabidi umpe nusukaputi, maji yawe mikrolita 50 hivi, usubiri mpaka anapumua polepole na kwa kina, ndipo umwachie tone baada ya tone ayavute mwenyewe. Nusukaputi ikiwa nyepesi anameza au anapiga chafya, na dozi yako inaishia tumboni au kwenye glavu. Nilipoulizwa lile swali nikakumbuka mapovu. Wale wa jioni walikuwa wanatoa mapovu puani, nikawa nayafuta kwa tishu na kuendelea, bila kuandika popote. Huenda hawakupata dozi kamili. Tuliporudia jaribio, chanjo ilisaidia kidogo tu.

Basi wadogo zangu mnaoniandikia kuuliza mjiandae vipi kwa masomo ya kinga na virusi vya njia ya hewa, ushauri wangu wa kwanza hauhusu vitabu. Changanya vizimba. Mwenzako abandike namba ili wewe unayedondosha usijue nani kachanjwa. Kila panya aliyetoa povu au kupiga chafya, mwandike hapo hapo. Dozi iliyobaki usiimwage, ipime tena kujua ilikuwa na virusi hai kiasi gani ulipomaliza, maana virusi hivi vinakufa vikikaa kwenye joto la meza wakati wewe unahangaika. Na tenga panya wachache wa kupimwa virusi mapafuni siku ya pili au ya tatu. Uzito peke yake utakudanganya kama ulivyonidanganya mimi.

Tukiwa hapo hapo kwenye uzito: pima saa ile ile kila siku. Panya hula usiku, kwa hiyo uzito wa asubuhi na wa jioni haulingani, na kwa mnyama wa gramu 20 gramu moja ni asilimia 5 nzima. Kibali chako cha kutumia wanyama kitakuwa na kikomo, mara nyingi asilimia 20 au 25 ya uzito wa kuanzia. Akifika hapo anapumzishwa, yaani anauawa bila maumivu, hata kama unatamani kuona kesho yake. Usibishane na mhudumu wa vizimba juu ya hilo. Yeye anawaona kila siku, wewe unaona namba.

(Nyumbani nikisema nafanya kazi na panya, wote wanadhani ni wale panya buku wa shirika la APOPO wanaonusa kifua kikuu. Wale wana majina na wanapigwa picha. Wa kwangu wana namba tu.)

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni mnyama gani wa kutumia. Huwa narudisha swali: unataka kujua nini? Panya ni rahisi kumtunza, vipimo vyake vya kinga ni vingi, na jeni zake unaweza kuzibadili. Lakini akiugua influenza hapandi homa. Joto lake hushuka. Wala hamwambukizi mwenzake kirahisi. Ukitaka kujua virusi vinavyoruka kutoka pua moja hadi nyingine, umemchagua asiyefaa. Hapo unamhitaji fereti, mnyama wa ukoo wa kicheche, ambaye hupata homa, makamasi na chafya kama sisi, kwa sababu vipokezi vya virusi (pale virusi vinapojishikiza kwenye seli) kwenye njia yake ya hewa vinafanana na vyetu. Ni ghali, anauma, na kizimba chake kina harufu utakayorudi nayo kwenye daladala.

Covid ilitufundisha somo hilo kwa haraka. Virusi vya mwanzo havikuweza kuingia kwenye seli za panya wa kawaida, kwa kuwa kipokezi chao cha ACE2 kinatofautiana na cha binadamu. Mwaka 2020 watu wakakumbuka panya waliotengenezwa Iowa, Marekani, na kutangazwa 2007, kwa ajili ya SARS ile ya kwanza, ugonjwa wa mapafu uliotangulia Covid, waliowekewa ACE2 ya binadamu. Ukoo wao ukafufuliwa kutoka mbegu za kiume zilizogandishwa. Waliokoa muda mwingi. Ila panya hao mara nyingi huuawa na virusi vilivyopanda ubongoni. Anayehesabu vifo na kuandika kwamba dawa yake imeokoa mapafu, aulizwe ameupima ubongo? Hamsta wa Syria hakuhitaji kubadilishwa jeni: anaambukizwa, anapungua uzito, mapafu yanaumia, kisha anapona. Kwa kazi nyingi huyo angetosha.

Hadithi inayonikosesha usingizi ni ya RSV, virusi vinavyobana vifua vya watoto wachanga. Vilipatikana mara ya kwanza 1956 kwa sokwe wenye mafua, huko Marekani. Miaka kumi baadaye watoto wachanga wakajaribiwa chanjo ya virusi vilivyouawa kwa kemikali ya formalini. Kingamwili, yaani antibodi za damuni, zilipanda. Lakini msimu wa RSV ulipofika, waliochanjwa waliugua vibaya kuliko wasiochanjwa, wengi wakalazwa, na wawili wakafariki. Baadaye watafiti waliirudia chanjo hiyo kwa panya pori wa Marekani wanaoitwa panya wa pamba, wakawaambukiza, wakayapasua mapafu. Madhara yalikuwepo, yanaonekana kwa darubini. Kwa hiyo mkijaribu chanjo yoyote ya mapafu, msiishie kwenye kipimo cha damu. Ambukiza, kisha tazama pafu lenyewe, na umpe anayelisoma bila kumwambia limetoka kizimba gani.

Jambo jingine la kinga halisemwi vya kutosha. Panya wa maabara ni msafi kupita kiasi. Mwaka 2016 watafiti wa Minnesota, Marekani, waliwaweka panya wa maabara pamoja na panya wa duka la wanyama, na waliobaki hai wakawa na kinga inayofanana zaidi na ya mtu mzima. Kabla ya hapo ilifanana na ya mtoto mchanga. Mimi niliyekulia kwenye minyoo na malaria sikushangaa. Chanjo inayong'ara kwa panya asiyewahi kuugua chochote, nangoja kuiona kwa aliyeugua.

La mwisho, ukiwa na mafua usiingie kwenye chumba cha fereti. Mwaka 1933, London, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw waliwapa fereti maji waliyosukutulia wagonjwa wa influenza, na fereti wakaugua. Wanyama hao walikuwa karibu kwa sababu Laidlaw alishawatumia kuchunguza homa ya mbwa. Aina mojawapo ya virusi vya mwanzo inaitwa WS, herufi za Wilson Smith, kwa kuwa ilitoka kwake. Na 1936 fereti mgonjwa alimpigia chafya usoni mwenzao, Charles Stuart-Harris, naye akaugua. Njia hiyo inapitika pande zote mbili, na fereti akishapata kingamwili kwa mafua yako hafai tena kwa jaribio. Mimi nikiamka koo linawasha nampigia mhudumu wa vizimba simu kabla ya chai. Huwa ananijibu neno moja, "Lala," halafu anakata.