Daftari au programu?

Swali: Nina duka la vifaa vya ujenzi Kibuye, Kisumu. Mhasibu wangu anataka niache daftari nitumie programu ya hesabu. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia stoo. Funga duka, hesabu kila kitu, na ukipe kipimo kimoja: misumari kwa kilo, saruji kwa mfuko. Wengi huharibu hapa. Wananunua kwa katoni, wanauza kwa kipande, na programu inaonyesha stoki iliyo chini ya sifuri. Kabla ya kulipia, mwombe mhasibu ahakikishe programu inaunganika na eTIMS, mfumo wa ankara za kodi wa KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya). Linganisha mauzo na taarifa ya M-Pesa ya till (namba ya malipo ya duka) kila jioni, usingoje mwisho wa mwezi. Na daftari? Endelea kuliandika mwezi wa kwanza, tafadhali.