Kabla hujafuta Windows, ijaribu Linux kwenye flashi

Mie nina steshenari ndogo Ngamiani, hapa Tanga mjini, kuchapa, kuprinti, kutoa kopi. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 tu na kila miezi mitatu minne lazima niipeleke kwa fundi kupiga Windows upya sababu ya virusi vya flashi za wateja. Mdogo wangu akaniambia dada jaribu Linux Mint, ni aina moja ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, haina malipo. Nikaogopa kweli, kazi za watu zote zimo humo, na mie nilidhani ni kitu cha juzijuzi kumbe Linus Torvalds wa Finland aliianza Linux tangu 1991.

Sasa wewe unayeogopa kama mie nisikilize, hufuti kitu chochote. Unadaunilodi faili la Mint, ni karibu GB 3 kwa hiyo jipange na bando, unalipandisha kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus (flashi yenyewe inafutwa yote, hamisha vitu vyako kwanza), unazima mashine, ukiwasha unagonga F12 au Esc, yangu ilikuwa F9, unachagua flashi, Mint inafunguka na diski yako haijaguswa. Itakuwa nzito kidogo maana inasoma kutoka kwenye flashi.

Siku ya kwanza waifai haikuonekana kabisa, nikahisi nimeua mashine. Kuna kadi za waifai zinataka draiva ya kuongeza, yaani kiprogramu cha kuifanya kadi ifanye kazi. Nikachomeka simu kwa waya wa USB nikashea intaneti, ikashika palepale, nikafungua Driver Manager nikaishusha. Ila ukizima yote yanapotea, kesho yake nikarudia tena.

Kilichoniteka ni binti mmoja wa chuo. Kaja na ripoti yake ya fildi, kila alikoichomeka flashi anaona shotikati tupu, folda hakuna, na siku ya kukusanya ni ileile. Kwenye Mint folda likatokea hapohapo na mafaili yote ndani, maana virusi vile huwa vinalificha tu na maficho yale Linux haiyajali. Yule binti alikaa kwenye benchi akalia. Nikamwambia virusi bado vimo humo, usichomeke kwingine kabla hujaisafisha.

Lakini ripoti ileile nilipoifungua kwenye LibreOffice, programu ya Mint ya kuandikia badala ya Word, kurasa 42 zikawa 44, fonti zilikuwa tofauti na majedwali yakasogea, tukakaa kuyapanga moja moja. Siku hizi kazi ya kuprinti tu naomba PDF.

Baada ya wiki mbili za flashi ndo nikahamisha mafaili yote kwenye diski ya nje, nikaiweka Mint pembeni ya Windows, nikaipa GB 60. Ukiwasha inakuuliza unaingia wapi. Printa iliitambua yenyewe, skana ndo imegoma mpaka leo, hiyo tu ndo inanirudisha Windows.