Mwenye sauti au mwenye kuaminika: nani abebe igizo la muziki?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Naongoza kikundi cha vijana hapa Kirumba, Mwanza. Tumetunga igizo la muziki la saa moja na nusu, lina nyimbo 11. Ni habari ya binti anayeanika dagaa Igombe, kwenye mwalo wa wavuvi. Baba yake alikwenda ziwani hakurudi, na wenye mtumbwi wanamdai yeye nyavu zilizopotea na marehemu. Nafasi ya binti inagombewa na wasichana wawili. Wa kwanza anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa, anapanda juu bila shida na hakosei noti, lakini akianza kuimba igizo linasimama, tunabaki tunamsikiliza yeye. Wa pili ana sauti ya wastani, akipanda inampasukia, ila akicheza watu wananyamaza. Mwalimu wetu wa muziki anasema bila sauti hakuna igizo la muziki, na kamati imegawanyika. Wewe ungemchagua nani? Na nitajuaje kwamba mhusika mkuu ameiva kweli? Tunaonyesha Agosti, uwanja wa wazi, jioni.

JIBU

Marahaba, kijana wangu. Ningempa wa pili, na nyimbo zake ningezishusha ufunguo, yaani zianzie chini zaidi, kabla kamati haijakaa tena. Ila kwanza ningewapitisha wote wawili kwenye mtihani mmoja nitakaoueleza, maana hilo la watu kunyamaza peke yake halinitoshi. Watu hunyamaza pia kwa kumwonea mtu huruma, au kwa kuwa hawamsikii.

Mwalimu wenu wa muziki ana hoja, nitaifikia. Lakini wewe mwenyewe umeandika jambo linalomaliza nusu ya ubishi: wa kwanza akianza kuimba, igizo linasimama. Kwenye kwaya hiyo ni sifa. Waumini wanajua wimbo unakokwenda, kazi yake ni kuufikisha salama. Binti wa Igombe hajui anakokwenda. Anapofungua kinywa mbele ya wenye mtumbwi hajui kama watampa muda au watamfukuza kwenye chanja zake za dagaa. Anaimba kwa sababu anataka kitu kwa mtu aliyesimama mbele yake, na kusema tu kumeshindwa kukipata. Wimbo ukiisha awe amesogea: amepata, amenyimwa, amekasirika, ameamua jambo. Wimbo unaomwacha palepale ulipomkuta ukate, hata kama ndio mtamu kuliko yote.

Kwa hiyo usimpime mtu kwenye noti ya juu. Ile kila mpita njia anaisikia. Mpime kwenye zile sekunde nne tano ambazo kinanda kimeshaanza na yeye bado anaongea. Hapo ndipo wengi wanapojiumbua. Anamaliza sentensi, anamwacha mwenzake, anageukia watazamaji, anajiweka sawa, anavuta pumzi, anasubiri zamu yake ya kuingia. Binti kaondoka jukwaani, kabaki mwimbaji. Aliyeiva anavuka kutoka kusema kwenda kuimba na wewe usione alipovukia. Pumzi anayoimbia ni ileile aliyoivuta aliposikia neno baya.

Tuchukue onyesho lenu la deni. Tuseme mwenye mtumbwi anamwambia, "Nyavu zile zilikuwa mpya." Na tuseme mstari wa kwanza wa wimbo wake ni huu:

Mlipotoka kutafuta, mlitafuta nyavu au baba?

Msichana wa kwaya, nadhani, atavuta pumzi baada ya "kutafuta", ataupitisha mstari wote kwa sauti moja nzuri, kisha atajilaza kwenye silabi ya mwisho, baaaa, kwa sababu ndipo noti ilipo ndefu. Ni uimbaji safi, na mwenye mtumbwi hana cha kujibu kwa sababu hakuulizwa kitu. Mwambie afanye hivi. "Mlipotoka kutafuta" aiseme zaidi kuliko kuiimba, mapigo yawepo lakini sauti iwe ya mtu anayekumbusha tarehe. Akifika "mlitafuta nyavu", neno "nyavu" alitamke kavu, kwa sauti ya mwenye mtumbwi mwenyewe, maana ni neno lake. Halafu akate. Asivute pumzi, akate tu, amwangalie. Kinanda kimsubiri. Ndipo "au baba" liimbwe, na hapo sauti yote aliyonayo ina kazi ya kufanya.

Na mtunzi arekebishe hiyo noti ndefu. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo urefu ukae kwenye "ba" ya kwanza, ya pili iangukie tu. Hili linaua nyimbo nyingi za majukwaani hapa kwetu. Mtu anasikia sauti nzuri lakini maneno hayashiki, kisha lawama inakwenda kwa fundi mitambo. Kwenye kwaya madhara ni madogo kwa kuwa kila mtu ana maneno kichwani. Kwenye igizo jipya mtazamaji anasikia kila mstari mara moja tu, na lililompita limempita.

Sasa mtihani wenyewe. Muweke yule anayeigiza mwenye mtumbwi mbele ya msichana, na umwambie pembeni, msichana asisikie: ukihisi huambiwi wewe, geuka uondoke. Msichana aanze kwa kuyasema maneno ya wimbo bila tuni, kisha ayaimbe. Wape wote wawili mtihani huohuo, siku moja, na mwigizaji huyohuyo. Kamati ikae iangalie miguu ya mwenye mtumbwi. Nimeona waimbaji hodari wakiachwa jukwaani kabla hawajafika kwenye kiitikio. Pia nimeona kinyume chake, mtu anayesifiwa kwa kuigiza akianza kuimba anajificha ndani ya tuni kama wengine. Huyo wa pili akigeukiwa mgongo lakini yule wa kwaya asigeukiwe, mpe wa kwaya nafasi, na usione aibu kunigeuka.

Nirudi kwa mwalimu wa muziki. Mwaka 1956 New York lilifunguliwa igizo la muziki la My Fair Lady, na nafasi ya Profesa Higgins akapewa Rex Harrison, mwigizaji ambaye hakuwa mwimbaji. Nyimbo zake zilitungwa kufuata kiasi cha sauti yake, naye sehemu kubwa alizisema juu ya mapigo ya muziki. Mwaka uliofuata alipata Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya Marekani, ya mwigizaji bora wa kiume wa igizo la muziki. Usiipeleke habari hii kwenye kamati kama ruhusa ya kuimba ovyo, maana watakucheka na watakuwa na haki. Mapigo yake hayakuyumba, na pembeni yake mwigizaji mwenzake, Julie Andrews, alikuwa anaimba kwelikweli. Zaidi ya hapo, Higgins ni mtu wa kubishana, na mabishano yanabebeka kwa kusema. Binti yenu kuna mahali lazima alie kwa sauti, na hapo kusema hakutamwokoa. Mwalimu yuko sahihi kwamba sauti inahitajika. Tunachotofautiana ni sauti ya ufunguo gani.

Kupasuka kule juu mara nyingi ni kulazimisha sauti ya kifua, ile nzito ya kuongelea, ipande hadi ilipotakiwa kuiachia nafasi sauti ya kichwa, ile nyepesi ya juu. Linafundishika, lakini si kwa muda mliobakiwa nao hadi Agosti, na mkimsukuma mtaniletea msichana aliyekaukiwa sauti wiki ya onyesho. Fanyeni hivi: jioni, mazoezi yakiwa yamemchosha, tafuteni noti ya juu anayoifikia bila mishipa ya shingo kusimama. Hiyo ndiyo iwe noti ya juu ya igizo zima. Ile aliyoifikia mara moja asubuhi akiwa amelala vizuri isahauni. Kama baada ya kushusha bado kuna noti moja inayomsumbua, ibadilisheni. Mmeitunga wenyewe, hamhitaji kibali cha mtu. Walimu wa kwaya huwa wagumu sana hapa, wanaiheshimu noti kana kwamba imeteremshwa.

Angalieni pia ratiba ya nguvu zake. Kati ya hizo nyimbo 11, anaimba ngapi, na ule mkubwa uko wapi? Ukiwa wa tatu, mmeshaumaliza usiku. Usogezeni karibu na mwisho, na kabla yake mpeni dakika kadhaa za kukaa kimya au kutoka jukwaani anywe maji. Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, kawaida ni maonyesho manane kwa wiki, na wenyewe hawajifanyi chuma. Igizo la muziki la Evita lilipofunguliwa huko mwaka 1979, Patti LuPone alicheza Eva, mhusika mkuu, maonyesho ya jioni na yale ya mchana alicheza mwingine. Mkipanga maonyesho mawili siku moja, fundisheni wawili.

Kuna jambo hukuliuliza, nami naliona kubwa: anafanya nini wenzake wanapoimba? Mhusika mkuu ana kazi kubwa zaidi akiwa kimya, kwa sababu watazamaji wanajifunza kutoka kwake namna ya kusikiliza. Akiangalia dari, nao wanaangalia simu. Wengi wetu tunamjua Leleti Khumalo, mwigizaji wa Afrika Kusini, kupitia filamu ya Sarafina! ya 1992, lakini alianzia jukwaani, Market Theatre ya Johannesburg, mwaka 1987. Mwaka uliofuata igizo lilikuwa Broadway na yeye akateuliwa kuwania tuzo ya Tony. Sarafina ni mwanafunzi mmoja kati ya wanafunzi wa Soweto. Anatoka ndani ya kundi, anarudi ndani ya kundi. Nafasi ya namna hiyo haichezeki na mtu anayengojea tu mstari wake ufike.

Kama mna nauli ya daladala, wapelekeni vijana wote Bujora, pale Kisesa, kwenye ngoma za Bulabo, sherehe ya Wasukuma. Huwa ni Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, kwa hiyo mtawahi kabla ya onyesho lenu. Kwenye mashindano ya Bagika na Bagalu, pande mbili hasimu za ngoma ya Kisukuma, makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Mtazamaji hana tiketi wala kiti, akichoka anavuka kwa jirani. Mwangalieni manju, yule anayeongoza nyimbo za ngoma. Hafumbi macho. Anatupa mstari, ananyamaza, anasikiliza kundi linavyoitikia na umati unavyosogea, ndipo anaamua mstari unaofuata autupe namna gani. Wasichana wenu waliokulia kwenye ukumbi wenye viti wanahitaji kuuona huo woga wa kupoteza watu. (Kuna watakaoleta chatu uwanjani. Umati utakimbilia huko, ni kweli. Msiige.)

Kuhusu uwanja wa wazi nitasema kidogo. Alasiri upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, jua likizama unatulia, usiku unageuka. Pimeni mitambo saa ileile mtakayoonyesha, kipimo cha saa tisa alasiri hakitawafaa saa moja usiku. Kipaza sauti cha mkononi kitamnyang'anya binti mkono mmoja, naye ana dagaa wa kugeuza. Kodini cha kuvaa kwa ajili yake peke yake, na wengine watumie vya kusimama. Fedha ikiwa ndogo, punguzeni taa.

Msichana wa kwaya usimpoteze. Mmesema baba hakurudi, basi bila shaka kuna matanga. Mtungieni wimbo wa msiba, awe shangazi au jirani, aimbe amesimama, hana anachotaka kwa mtu, na igizo lisimame kabisa kama linavyosimama mkimsikiliza sasa. Hapo ndipo mahali pekee kwenye hadithi yenu ambapo kusimama ni sahihi, na yule wa pili hawezi kupafanya vizuri kama yeye.

Na binti, yeyote mtakayemchagua, aende Igombe akaanike dagaa na wanawake wa kule mpaka mikono yake izoee. Watazamaji wenu wa Kirumba wengi wanaishi kwa kazi hiyo. Wakicheka namna anavyogeuza dagaa, wimbo utakaofuata hawatausikia. Tarehe nayo ipangeni kwa mwezi: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hawatoki. Mkitaka wawepo uwanjani, onyesheni siku hizo.