Re: Taasisi za jenetiki zinatoa nini zaidi ya makaratasi?
Mkuu, umeuliza kama taasisi za jenetiki ya tiba hutoa chochote zaidi ya makaratasi ya kupandishia watu vyeo. Chukua Dantu, aina adimu ya damu. Mwaka 2017 watafiti wa Oxford na wenzao walionyesha kuwa inapunguza hatari ya malaria kali kwa karibu asilimia 40. Mwaka 2020 timu ya Kilifi na Cambridge ikachunguza kwa darubini chembe nyekundu za damu za watoto wa Kilifi, na zile zenye Dantu zikaonekana hivi: utando umekaza, kimelea wa malaria anagusa, anahangaika, anashindwa kupenya. Na Dantu yenyewe hupatikana zaidi hapo hapo pwani ya Kenya, kwingine nadra mno! Dawa bado, hilo nakubali. Ila wazo la kutafuta kitu cha kukaza utando kidogo tu limetoka humo.