Figo zimepona, mbona unyayo hauinuki?

SWALI: Kaka yangu aliangukiwa na ukuta kazini, mguu wake wa kulia ukabanwa kwa saa kadhaa. Hospitalini tuliambiwa kuwa misuli imevunjika na kuziathiri figo. Alisafishwa damu akapata nafuu. Hata hivyo, hii ni wiki ya sita na unyayo bado unaning'inia, na upande wa juu una ganzi yote. Je, sumu ya misuli imeingia kwenye neva?

JIBU: Poleni. Myoglobini, yaani protini inayotoka kwenye misuli iliyovunjika, huumiza figo. Neva, kwa kawaida, huumizwa na mgandamizo. Misuli iliyo chini ya goti imefungwa ndani ya vyumba vinne vya utando mgumu usiotanuka, nayo huvimba sana damu inaporudi baada ya kifusi kuondolewa, kiasi kwamba presha ya ndani hukaribia presha ya chini ya damu (namba ya pili katika kipimo cha presha), na ikibaki tofauti isiyofika milimita 30 za zebaki, neva hukosa oksijeni.

Ganzi ingekuwa kati ya kidole gumba na kinachofuata tu, ningeshuku chumba cha mbele peke yake. Kwa kuwa imeenea juu ya unyayo wote, nashuku zaidi neva inayozunguka shingo ya mfupa mwembamba, upande wa nje chini kidogo ya goti, ambako ipo karibu sana na ngozi na ukuta huweza kuibana moja kwa moja.

Kupasua utando husaidia katika saa za mwanzo. Sasa kungekaribisha maambukizi tu. Ombeni kipimo cha umeme wa neva na misuli, ambacho baada ya wiki tatu huweza kuonyesha kama nyuzi zimekatika au zimezimia tu. Zilizokatika huota takriban milimita 1 kwa siku, kwa hiyo subira ni ya miezi. Lakini miezi mitatu ikipita bila dalili yoyote, aonwe na daktari bingwa wa upasuaji wa neva. Wakati huo wote avae kifaa kinachoshikilia unyayo usining'inie, la sivyo kano ya kisigino itafupika, na ngozi ikaguliwe kila jioni kwa sababu hatahisi kidonda kikianza.

Maumivu ya kuchoma yakija, msimnunulie diklofenaki dukani, kwani huweza kuziumiza tena figo zilizotoka kupona. Hata gabapentini, inayofaa zaidi kwa maumivu ya neva, dozi yake hupangwa na daktari kulingana na kipimo cha figo.